Baraza Ndani ya Kisanduku

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuiingiza kompyuta kwenye mtandao wa ofisi ilikuwa kazi ya ngazi na kekee. Fundi alipanda hadi darini, akaipapasa kebo ya manjano yenye unene wa karibu sentimita moja, akatafuta alama nyeusi iliyochorwa juu yake kila baada ya mita mbili na nusu, kisha akaitoboa. Hakuikata. Alilipita ganda, akaupita wavu wa chuma uliofumwa chini yake, akasimama pale alipoufikia waya wa kati. Kwenye tundu hilo akafunga kifaa chenye jino la kuuma waya huo, kifaa ambacho mafundi wa Marekani walikipa jina la popobawa wao, yule mfu anyonyaye damu za watu usiku. Fundi akizidisha nguvu kidogo tu, waya wa kati na wavu viligusana, na ofisi nzima ikanyamaza.

Kipande kimoja cha kebo kiliruhusiwa kufika mita 500 na kubeba meno yasiyozidi 100. Hiyo ndiyo Etheneti ya kwanza kuuzwa kwa umma. Habu na swichi, vile visanduku viwili ambavyo mnunuzi huvichanganya dukani kwa kuwa vyote vina safu ya matundu na vitaa vinavyokonyeza, ni wazao wa kebo ile. Habu iliirithi tabia yake yote. Swichi ilimkana mzazi.

Tabia yenyewe ilitoka visiwani. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa Honolulu na matawi yaliyotenganishwa na bahari, na laini za simu za wakati huo hazikuwa za kutegemewa. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio. Mtandao wao, ALOHAnet, ulianza kazi Juni 1971 kwa kanuni ambayo mhandisi wa simu angeiona ni utovu wa nidhamu: ukiwa na neno, sema. Usipopata jibu, basi kuna mwingine aliyesema wakati huo huo na maneno yenu yamegongana. Subiri muda wa kubahatisha, urudie. Abramson alipiga hesabu za mtindo huo akagundua kwamba kwa ubora wake wote hauwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa njia. Zaidi ya robo tatu hupotelea kwenye kelele na kimya.

Mwaka 1972 karatasi ya Abramson ilimwangukia mikononi kijana mmoja aliyekosa usingizi ugenini, Washington. Robert Metcalfe alikuwa ameshaajiriwa na maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, huku tasnifu yake ya udaktari ikiwa imekataliwa na Chuo Kikuu cha Harvard. Aliisoma, akaikosoa hesabu yake, akaona jinsi ya kuuboresha mtindo wenyewe. Uchambuzi huo ukaiokoa tasnifu. Na tarehe 22 Mei 1973 aliwaandikia wakubwa wake waraka wa ndani uliopendekeza kuziunganisha kompyuta za maabara kwa kebo moja ambamo kila kompyuta ingesema, kama redio ya Hawaii iliyofungiwa ndani ya waya. Kebo aliiita etha. Wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kuwa anga lote limejaa kitu cha jina hilo kinachobeba mwanga, hadi Michelson na Morley walipokitafuta kule Cleveland mwaka 1887 wasikione. Metcalfe aliokota jina la kitu kisichokuwapo akalipachika kwenye waya unaoonekana.

Pamoja na David Boggs, aliyekuwa na mikono ya ufundi, aliongeza adabu ambazo ALOHAnet haikuwa nazo. Yeyote aliyewahi kukaa barazani jioni anazijua. Kabla ya kusema, sikiliza kama kuna anayesema. Ukianza kusema, endelea kutega sikio. Mkianza wawili kwa pamoja, nyamazeni wote. Kila mmoja asubiri kwa muda anaoubahatisha mwenyewe, na mkigongana tena, muda huo urefushwe. Hapana mwenyekiti, hapana orodha ya wasemaji. Barazani huwa tunasema “haya, endelea wewe”. Mashine za Palo Alto zilifanya hivyo hivyo, kwa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde. Mwaka 1980 kampuni za DEC, Intel na Xerox zikaitangaza Etheneti ya megabiti 10, na mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikaidhinisha kanuni zake kwa namba 802.3.

IBM haikufurahishwa na baraza lisilo na mwenyekiti. Mwaka 1985 ilileta Token Ring, ambamo kompyuta husubiri zamu kwa kupokezana ishara maalumu, mithili ya kifimbo kinachozungushwa kikaoni. Kwa hesabu ilikuwa njia ya kistaarabu zaidi. Ilikuwa pia ya bei zaidi, na bei iliamua.

Kebo ya manjano nayo ilikuwa ghali na ngumu kukunjwa, hivyo ikazuka nyembamba yake, nyeusi mara nyingi, iliyopita mezani badala ya darini. Hii haikuhitaji kekee. Ilitoka kompyuta hadi kompyuta kwa viungo vya umbo la herufi T, kwa umbali usiozidi mita 185, na kila mwisho ulifungwa kizibo cha kuzuia umeme usirudi nyuma. Nafuu hiyo ilikuja na balaa lake. Karani wa uhasibu akiisogeza meza yake karibu na dirisha na kuchomoa kiungo, idara nzima ilikatika, kama zile taa za mapambo ya harusi ambazo moja ikiungua zote huzima. Fundi akiitwa, alitembea meza hadi meza akitikisa viungo, maana kebo haikuwa na namna ya kumwambia ilipoumia.

Dawa ilikuwa imelala ukutani miaka yote. Majengo ya ofisi za Marekani yalikuwa yamekwisha kutandazwa nyaya za simu, na mpangilio wa simu haukuwa wa mstari: kila meza ilikuwa na waya wake uliokwenda peke yake hadi kwenye kabati la ghorofa. Ronald Schmidt, mtafiti wa maabara ile ile ya Palo Alto, alikuwa akiijaribu Etheneti juu ya nyuzi za kioo kwa umbo la nyota, nyaya zote zikikutana katikati. Mwaka 1985 yeye na Andrew Ludwick waliondoka Xerox wakaanzisha kampuni ya SynOptics kuuza umbo hilo. Wazo hilo lilihamia kwenye waya wa kawaida wa simu, ule wa jozi zilizosokotwa, na mwaka 1990 IEEE ikaliwekea kanuni: megabiti 10, mita 100 toka kabatini hadi mezani, kichwa cha plastiki chenye pini nane kinachobofya kikiingia. Kichwa hicho ndicho kilichoko nyuma ya kompyuta za ofisini mpaka leo.

Kisanduku cha kabatini ndicho habu. Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja: umeme ukiingia kwenye tundu lolote, huusafisha na kuutoa upya kwenye matundu mengine yote. Habu haisomi anwani ya barua kwa kuwa haijui kama kuna barua; inasikia sauti na kuirudia. Kompyuta 24 zikichomekwa humo, zote zinagawana megabiti 10 zile zile, na mbili zikisema pamoja, kitaa cha mgongano huwaka. Mafundi walizoea kukisoma kitaa hicho kama mpishi anavyousoma mvuke: kikiwaka mara moja moja, kazi inakwenda, kikibaki kimewaka, watu wanaanza kupiga simu kulalamika.

Kwa umeme, basi, habu ni kebo ya manjano iliyokunjwa ikafichwa ndani ya bati. Baraza ni lile lile.

Vitabu vingi vya mafunzo huitaja kwa sentensi mbili, kama kaka mjinga wa swichi, kisha hupita. Si haki. Waya mmoja ukikatika, mtu mmoja tu ndiye aliyekosa mtandao, na kitaa cha tundu lake kilimwonyesha fundi pa kuanzia. Kadi mbovu ya mtandao ikianza kupiga kelele bila kikomo, habu iliweza kulifunga tundu lake ili wengine waendelee. Zaidi ya yote, habu ndiyo iliyobadilisha nyaya za majengo. Swichi ilipofika haikutoboa ukuta hata mmoja. Iliwekwa kwenye kabati lile lile, ikachomekewa nyaya zile zile, wenye ofisi wakarudi Jumatatu wakakuta mtandao una kasi. Seremala ndiye aliyejenga nyumba, mpangaji akapata sifa.

Kilichoiua habu, hata hivyo, hakikuwa umaskini wa akili yake peke yake. Kulikuwa na hesabu ya mwendo na umbali, nayo inafaa kutazamwa kwa utulivu, maana ndiyo kiini cha kisa chote.

Adabu za baraza zina sharti moja la siri: msemaji lazima awe bado anasema wakati habari ya mgongano inapomrudia. Akimaliza mapema na kunyamaza, hatajua kamwe kwamba maneno yake yaliharibika huko mbele. Ndiyo sababu Etheneti iliweka kipimo cha chini cha bahasha ya data, ambayo mafundi huiita fremu: baiti 64, yaani biti 512. Kwa kasi ya megabiti 10, kuitamka fremu hiyo huchukua sekunde 51.2 zilizogawanywa kwa milioni. Katika muda huo umeme unaweza kwenda na kurudi kilomita kadhaa, lakini kila habu na kila kipande cha kebo hula sehemu ya muda huo. Hivyo wahandisi waliruhusu mtandao mzima ufike kilomita 2.5 na si zaidi, na mafundi wakakariri kanuni ya 5-4-3: vipande vitano vya kebo, virudia-sauti vinne katikati, na kompyuta kwenye vipande vitatu tu.

Mwaka 1995 ikaja Etheneti ya megabiti 100. Fremu fupi sasa ilitamkwa kwa moja ya kumi ya muda ule. Mwendo wa umeme ndani ya waya, kwa upande wake, haukuongezeka hata chembe, kwa hiyo kilichopungua kilikuwa umbali: mtandao wa habu ukashuka hadi kiasi cha mita 205 toka ncha hadi ncha, na waya wa kuunganisha habu mbili ukapewa mita tano. Jengo la ghorofa kumi lilishaanza kubana. Kisha ikaja gigabiti moja mwaka 1998, kasi mara kumi tena. Kwa hesabu ile ile baraza lingebaki na kipenyo cha mita 20 hivi, sebule kubwa tu. Kamati iliinusuru kwenye karatasi kwa kulazimisha fremu fupi zitamkwe kwa urefu wa baiti 512, na habu ya gigabiti ikabaki maandishi ambayo soko halikuyataka. Gigabiti 10 ilipoidhinishwa mwaka 2002, baraza halikuwekwa hata kwenye kanuni.

Kwa lugha ya mtaani, kadiri watu walivyosema haraka, ndivyo walivyolazimika kukaa karibu zaidi ili wasikatizane, mpaka wakabaki wamekaliana mapajani.

Njia ya kutokea ilikuwa imeshachorwa miaka ya 1980 katika kampuni ya DEC, Massachusetts. Kila kadi ya Etheneti hutoka kiwandani na namba yake ya biti 48, nusu ya kwanza ikiwa namba ambayo IEEE huigawia kampuni iliyoitengeneza. Namba hizo zapita trilioni 281, hivyo hakuna haja ya kuzirudia. Mark Kempf alitengeneza kifaa kilichokaa kati ya mitandao miwili na kufanya jambo ambalo habu haikulifanya: kusoma. Kilisoma namba ya mtumaji wa kila fremu na kukumbuka ilitokea upande upi. Kilisoma namba ya mpokeaji, na kama wote wako upande mmoja, kilikaa kimya. DEC ilikiuza mwaka 1986 kwa jina la LANBridge 100. Mafundi walikiita daraja.

Madaraja yakileta mzunguko, yaani mawili yakiunganisha mitandao ile ile kwa njia mbili, fremu huzunguka bila mwisho na kuzaliana mpaka kila kitu kizame. Radia Perlman, mhandisi wa DEC, alipewa tatizo hilo. Jawabu lake lilikuwa kuyafanya madaraja yazungumze wenyewe kwa wenyewe, yachague moja liwe shina, kisha yafunge njia za ziada mpaka mtandao ubaki na umbo la mti usio na kitanzi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliimaliza kazi hiyo upesi kiasi kwamba zilibaki siku za kuitungia shairi, alilolipa jina la Algorhyme na kuliweka mwanzoni mwa maelezo ya kitaalamu. Fundi anayemkuta mtu amechomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye swichi ile ile, na ofisi haijazama, ana deni kwa mama huyo.

Daraja lilikuwa na milango miwili. Mwaka 1990 kampuni changa ya California iitwayo Kalpana, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Vinod Bhardwaj, aliipa jina la mkewe, ilitoa kifaa chenye milango saba ikakiita EtherSwitch. Kwa Kihindi, kalpana ni fikra ya kubuni. Swichi, basi, ni daraja lenye milango mingi, na Perlman hakuchoka kuwakumbusha watu kwamba neno jipya lilikuwa kazi ya idara ya mauzo. Kwa Waswahili neno hilo limeongeza utani wake: fundi umeme na fundi mtandao wakiagizwa “swichi” kwenye duka moja, kila mmoja ataondoka na mzigo wake.

Namna swichi inavyofanya kazi ndiyo namna tarishi mgeni anavyoujua mtaa. Siku ya kwanza hamjui mtu. Akipewa barua ya Bi Zuhura, anabisha hodi kila mlango isipokuwa ule alikoitoa. Lakini anakumbuka nani kampa barua mlango upi, na Bi Zuhura akishajibu mara moja, kesho barua yake inakwenda moja kwa moja. Swichi ina daftari la namna hiyo: namba ya kadi, namba ya tundu. Kadi isiposikika kwa muda, kwa kawaida dakika tano, jina lake hufutwa, asije akawa kahama. Wakati huo huo tundu la 3 na la 9 yanaweza kuzungumza bila kuyasubiri la 5 na la 12. Kwenye habu kompyuta 24 ziligawana megabiti 10. Kwenye swichi kila moja ilikuwa na 10 zake.

Kalpana walikuwa na haraka ya ziada. Swichi yao haikusubiri fremu iingie yote. Ilisoma baiti sita za kwanza, zenye namba ya mpokeaji, ikaanza kuirusha kabla mkia haujafika. Wapinzani walisema kwamba fremu iliyoharibika nayo ingerushwa hivyo hivyo, na walisema kweli. Miaka michache baadaye vichakataji vilikuwa na kasi ya kutosha hata kuisubiri fremu nzima hakukuumiza, na kwenye ofisi za kawaida ubishi huo ukaisha.

Cisco, kampuni iliyotajirika kwa ruta, yaani vifaa vya kuunganisha mitandao tofauti, iliiona hatari mapema. Mteja wake Boeing aliweka wazi kwamba anazitaka swichi za kampuni iitwayo Crescendo, na mwaka 1993 Cisco ikainunua Crescendo kwa karibu dola milioni 95. Mwaka 1994 ikainunua Kalpana kwa dola zaidi ya milioni 200, na 1995 ikaichukua Grand Junction. Swichi za familia hizo tatu ziliuzwa kwa jina la Catalyst, ambalo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi bado wanalitaja kama la jirani. SynOptics, mfalme wa habu, iliungana na Wellfleet mwaka 1994 ikazaliwa Bay Networks. Miaka minne baadaye hiyo nayo ikamezwa na Nortel ya Kanada. Habu ziliendelea kuuzwa kwa sababu moja tu, bei, na bei ya vichakataji iliposhuka mwishoni mwa muongo, sababu hiyo ikayeyuka.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo swichi iliwezesha. Waya wa simu una jozi ya kusemea na jozi ya kusikilizia. Kompyuta ikiwa peke yake kwenye waya wake, na upande wa pili kuna swichi tu, hakuna wa kuikatiza. Kwa nini basi isiseme na kusikiliza kwa pamoja? Mwaka 1997 IEEE iliruhusu rasmi. Kuanzia hapo kompyuta iliyochomekwa kwenye swichi haikuhitaji kusikiliza kwanza, haikuhitaji kubahatisha muda, haikuhitaji adabu yoyote ya Metcalfe. Kwa miaka kadhaa hali hiyo iliwatesa mafundi: upande mmoja ukiwekwa kwenye mtindo mpya na wa pili ukabaki kwenye wa zamani, mtandao ulipita lakini kwa mwendo wa konokono, na vitaa vyote vilikuwa vya kijani. Kosa hilo limekula usiku mwingi wa watu. Hatimaye mgongano ulitoweka, na pamoja nao ule mtindo uliolipa jina la Etheneti maana yake. Jina lilibaki, kama mitaa inayoitwa Mnazi Mmoja.

Mwaka ule ule wa 1997, IEEE hiyo hiyo iliidhinisha kanuni ya kwanza ya mtandao usio na waya, 802.11, ambao leo tunauita Wi-Fi. Hewa ni moja kwa wote. Simu zilizoko mgahawani husikiliza kwanza, hubahatisha muda, husubiri. Baraza lililofukuzwa kwenye waya lilirudi Hawaii, redioni.

Nairobi ina sura yake katika historia hii, nayo ni ya mahakama zaidi kuliko ya umeme. Hadi mwishoni mwa mwaka 2000, barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini kwenda kwa mteja wa kampuni jirani ilisafiri kwa satelaiti hadi Marekani au Ulaya na kurudi. Satelaiti hizo hukaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara mbili ni karibu kilomita 144,000, kwa barua ya kuvuka barabara. Umoja wa watoa huduma, TESPOK, ukaanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Kituo cha aina hiyo, ukiondoa chumba, kiyoyozi na kufuli, kiini chake ni swichi: kila kampuni inaleta waya wake, na data ya Nairobi inabaki Nairobi.

Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imevunjwa. Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe, baada ya wiki chache tu za kufanya kazi. TESPOK ilijibu kwamba KIXP haisafirishi kitu kwenda nje. Ni wanachama wanaobadilishana vyao wao kwa wao. Ukafuata mwaka wenye rufaa na hoja za namna hiyo kabla leseni haijatolewa, na Februari 2002 taa zikawaka tena. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004, na Arusha ikafuata mwaka 2006. Ajabu ni kwamba ubishi wote ule, wenye mawakili na barua za serikali, ulihusu kisanduku ambacho kijana mmoja angekibeba kwapani.

Kuna tofauti nyingine ya habu na swichi ambayo haikupangwa na mhandisi yeyote. Barazani kila mtu anasikia. Habu ilipeleka kila fremu kwa kila kompyuta, na kadi zilitarajiwa kuitupa ile isiyo yao, kwa heshima tu. Kadi iliweza kuambiwa isitupe. Katika miaka ambayo nywila za barua pepe zilisafiri bila kufichwa, yeyote aliyekaa kwenye habu moja na mwenzake aliweza kuzisoma, na mwaka 1998 Gerald Combs alipotoa bure programu yake ya kuchungulia fremu, Ethereal, ambayo tangu 2006 inaitwa Wireshark, kazi hiyo ilihitaji subira kuliko ujuzi. Swichi ililiziba pengo hilo bila kukusudia. Haikuliziba lote: mjanja anaweza kulijaza daftari la swichi kwa namba za uongo mpaka lisibakize nafasi ya jina la kweli, na tarishi aliyepotewa na daftari hurudi kubisha hodi kila mlango.

Mwaka 2011 IEEE iliandika kwamba habu hazipendekezwi tena kwa mitandao mipya. Neno lenyewe lilikuwa limeshapata ajira kwingine. Mwaka mmoja kabla, Nairobi ilifungua iHub, ukumbi wa vijana wa programu, ambako kila mtu kusikia wazo la kila mtu ndiyo ilikuwa sifa.

Lakini wapo mafundi waliokataa kuitupa. Swichi ikishamgawia kila mtu waya wake, anayetafuta ugonjwa wa mtandao hasikii chochote isipokuwa sauti yake mwenyewe. Swichi za bei kubwa zinaweza kuamriwa zinakili data ya tundu moja kwenda jingine. Za bei ndogo haziwezi. Kwa hiyo fundi alibakiza habu kuukuu ya megabiti 10 kwenye begi, kati ya koleo na bisibisi, akaipachika baina ya kompyuta mgonjwa na ukuta, akachomeka kompyuta yake kwenye tundu la tatu, akasikiliza. Tabia ile ile iliyoifukuza kazini ndiyo iliyomfanya asiiuze. Wenzake waliozinunua kwa ajili hiyo baadaye, zile zilizoandikwa “hub” na megabiti 10 na 100 kwa pamoja, mara nyingine walishangaa kukuta kimya. Ili kuunganisha kasi mbili, mtengenezaji alikuwa ameweka ndani yake swichi ndogo.